BIBI ALIYEMUOGOPA MBWA NDIYE ALIYEMUELEWA MBWA: Halloween ya Familia ya Kibongo Kule Minnesota

Mwisho wa Oktoba ukikaribia, fungua kurasa za watu wanaoishi Marekani uone. Mbwa wamevaa kuliko watu. Mmoja kavalishwa boga, mwingine mabawa ya popo, mwingine kabanwa katikati ya mkate wa sponji, eti yeye ni soseji. Kuna aliyepigwa suti na tai kama anakwenda kuposa. Unacheka, unalaiki, unapita.

Nyuma ya hizo picha kuna hela, tena si za mchezo. Mwaka 2023 chama cha wafanyabiashara wa rejareja wa kule, National Retail Federation, kilikadiria kwamba Wamarekani wangetumia dola milioni 700 kwa nguo za Halloween za wanyama wao tu. Za wanyama jamani, za watoto zina hesabu yake. Boga, soseji na popo ndizo zilikuwa zinaongoza. New York kuna mpaka gwaride lao, Tompkins Square Halloween Dog Parade. Lina zaidi ya miaka 30, na watu wanajipanga pembeni kuangalia mbwa wakipita kama mamiss jukwaani.

Kwenye huo huo upepo ndipo ilipoingia familia moja ya Kibongo ya huko Minnesota. Majina yao yabaki kwao. Stori yao ilianza kuzunguka kwenye magrupu ya Wabongo wa kule, kila mtu akiisimulia kwa namna yake. Wengine wanasema mbwa aliuma mtoto. Hakuuma. Kilichotokea ni kidogo kuliko hicho, na kina mafunzo zaidi.

FAMILIA YENYEWE

Baba ni mtu wa Tanga. Mama ni mdada wa Moshi, nesi, na pembeni ana ukurasa wake mtandaoni. Wanaishi vitongoji vya kaskazini ya Minneapolis, si mbali na mji unaoitwa Anoka.

Huo mji wa Anoka si wa kuupita hivi hivi ukizungumzia Halloween. Zamani vijana wa pale walikuwa na vituko vibaya usiku huo, mpaka ng'ombe wa watu wanafunguliwa na kuachwa watembee barabara kuu. Wazee wa mji wakaona isiwe tabu. Mwaka 1920 wakaandaa gwaride na pipi ili vijana wapate cha kufanya. Siku hizi Anoka inajiita makao makuu ya Halloween duniani. Kwa hiyo ukiishi maeneo yale halafu ukasema Halloween huijui, ni kama kuishi Magomeni halafu ukasema hujui leo Idd.

Sherehe yenyewe asili yake ni Ireland na nchi za jirani, kwenye sikukuu ya kale ya Samhain, watu walipoaminiana kuwa usiku huo mizimu inatembea. Wahamiaji wa Ireland walikwenda nayo Marekani karne ya 19. Kwao walikuwa wanachonga tanipu na kuweka taa ndani. Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, mchezo ukahamia huko. Siku hizi imebaki ya watoto na pipi. Tarehe 31 Oktoba jioni mtoto anavaa anachotaka, anagonga nyumba za mtaani, anasema "trick or treat". Kwa Kiswahili cha mtaani: toa pipi, la sivyo tunakufanyia vituko.

Sasa mbwa wao. Ni Labrador wa miaka mitano, rangi ya karanga zilizokaangwa, na jina lake Karanga. Ukurasa wa mama ulianza kama wa mapishi. Siku moja anarekodi jinsi ya kusukuma chapati, Karanga akapita nyuma, akachukua moja mezani taratibu kama kaagizwa, akaondoka nayo. Mama hakuona mpaka alipoposti. Klipu ikapasua. Kuanzia siku hiyo wafuasi hawakutaka tena chapati, walimtaka mwizi wa chapati.

Karanga ni mbwa wa watu. Mleta barua anamjua. Watoto wa jirani wanamlalia mgongoni. Hajawahi kumng'ata mtu hata kwa bahati mbaya.

Na ana kazi moja ambayo haionekani kwenye video. Wale wazazi wana binti wa miaka saba. Nyumbani anaongea Kiswahili na Kiingereza mpaka unamwomba apumzike. Akitoka nje, kimya. Shuleni mwalimu akimuuliza swali anaangalia viatu. Mtu asiyemjua akimsalimia anajificha nyuma ya mama. Lakini akiwa na Karanga mambo yanabadilika. Watu wakipita wanauliza, "Anaitwa nani?" Mtoto anajibu, kwa sababu swali ni la mbwa, si lake. Ndivyo alivyoanza kujibu watu, jibu moja moja, mkono mmoja ukiwa kwenye manyoya.

Kwa hiyo mwaka ule mpango ulikuwa huu: binti atagonga milango mwenyewe, Karanga pembeni. Mtoto atavaa kama askari wa wanyamapori wa Serengeti, kofia na yote. Karanga atavaa nywele za simba.

Baba aligoma kidogo. Yeye ni Yanga kindakindaki, akasema mbwa wa nyumba yake hawezi kuwa Simba hata kwa usiku mmoja. Mama akamwambia basi yeye avae nguo za mbwa, abaki nyumbani. Nywele zikanunuliwa.

BIBI KUTOKA TANGA

Katikati ya Septemba alifika mama mzazi wa baba. Safari yake ya kwanza nje ya nchi.

Bibi na mbwa ni vitu viwili. Kwanza dini. Kwake mate ya mbwa ni najisi, na kwa madhehebu yanayofuatwa pwani, chombo alichokilamba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwanawe alilijua hilo, akamtengea chumba cha juu ambako Karanga hakanyagi, na mswala wake ukakaa huko.

Pili ni hofu. Bibi akiwa mdogo, mtoto wa jirani yao aling'atwa na mbwa, na baadaye akafa kwa kichaa cha mbwa. Aliona alivyokufa. Kabla hujasema ni ushamba, jua kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kama wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Kinachookoa ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji mengi mara moja, kisha kuwahi chanjo. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi kwa wiki sita Bibi alikaa kwenye kochi la pembeni na kumwangalia yule mbwa. Hakumgusa, hakumpigia kelele. Alimwangalia tu. Alipokuwa jikoni alijua mbwa yuko wapi. Alijua akisikia gari la baba anafanyaje, akisikia mashine ya kufagia anafanyaje, akiwa na njaa analala upande gani. Mkwewe akawa anacheka, "Mama unamchunguza kama polisi." Bibi akamjibu, "Ninyi mnampenda, hamna haja ya kumtazama. Mimi ninayemuogopa ndiye natakiwa nimjue."

Watu walidhani ni utani.

USIKU WENYEWE

Minnesota mwisho wa Oktoba ni baridi. Kule bado wanakumbuka mwaka 1991, theluji ilipoanza siku ya Halloween yenyewe na kuanguka zaidi ya sentimita 70 Minneapolis ndani ya siku chache. Safari hii theluji haikuwepo, ila upepo ulikuwa unakata. Mtoto akavaa Serengeti yake juu ya koti. Bibi akavaa jaketi la mwanawe juu ya dera, ushungi wake kichwani na kofia ya sufi juu ya ushungi. Alisema yeye haendi kusherehekea mashetani ya watu, anakwenda kumwangalia mjukuu wake.

Wakatoka saa 12 jioni jua likizama. Mama simu mkononi, laivu inaruka. Baba kashika kamba ya mbwa. Mtoto mkono mmoja kwenye mgongo wa "simba".

Nyumba ya kwanza safi. Ya pili safi. Watu wanafungua, wanaona simba, wanayeyuka. Wanauliza jina, mtoto anajibu, "Karanga." Ya tatu akasema hata "trick or treat" mwenyewe, kwa sauti ndogo lakini ilisikika. Mama machozi yakamlenga. Kwenye simu mioyo inapanda tu.

Giza likaingia, na mtaa ukabadilika. Madude makubwa ya kujazwa upepo yakawashwa, mashine zinavuma. Nyumba ya tano ilikuwa na mifupa ya plastiki ambayo ukipita karibu inapiga kelele na macho yanawaka. Karanga akasimama. Akajilamba pua. Akapiga mwayo.

Mama akasema, "Ona, Karanga kachoka jamani," akacheka, akamsogezea simu.

Bibi akamwambia mwanawe, "Huyo mbwa hataki."

"Mama, kapiga mwayo tu. Usingizi huo."

"Si usingizi. Huyu nimemwangalia wiki sita. Akiwa na usingizi hulala. Hapa anaomba."

Wakaenda nyumba ya sita. Pale kulikuwa na vijana watatu wamevaa vinyago, mmoja anakokota mnyororo. Karanga akabweka mara mbili, akageuza uso pembeni, mkia ukaingia katikati ya miguu. Vijana wakacheka. Mama akawaambia hana neno huyu, mpole, rafiki wa kila mtu. Na ni kweli. Shida ni kwamba Karanga ni mbwa wa watu, na usiku ule watu hawakuonekana kama watu.

Fikiria kwa upande wake. Mbwa anamjua mtu kwa harufu, kwa umbo, kwa mwendo, kwa sauti. Usiku ule mtu ana kichwa cha boga, anatembea kwa kuyumba, ananuka rangi na mpira, na sauti imezibwa na kinyago. Jirani anayempapasa kila siku kageuka dubwana. Yeye hajaelezwa kuwa ni mchezo. Juu ya hapo kavalishwa kitu kizito shingoni kimeziba masikio, na masikio ndiyo sehemu ya mazungumzo yake. Mbwa anaongea kwa masikio, mkia, macho na manyoya ya shingo. Ile nguo ya simba ilimfunika nusu ya maneno.

Nyumba ya saba, mtoto wa kama miaka mitatu, kavaa vazi la dinosaria lenye mkia mrefu, akamwona simba. Akapiga kelele za furaha, akakimbia na mikono wazi kwenda kumkumbatia shingoni.

Karanga akaganda. Hakurudi nyuma, hakubweka. Alikauka kama sanamu, na pembeni ya macho pakaonekana weupe.

Bibi ndiye aliyepiga ukelele. "Mvute! Mvute mbwa!"

Baba akavuta kamba kabla hajajua kwa nini. Hapo hapo Karanga akanguruma, sauti ya chini, nzito, ambayo kwenye ile nyumba haijawahi kusikika kwa miaka mitano. Mama wa yule mtoto akamnyakua mwanawe. Kati ya uso wa mtoto na mdomo wa mbwa palibaki kama urefu wa mkono.

Hakuna aliyeumia. Wakaombana radhi pande zote, yule mama wa Kizungu akasema kosa ni lake kwa kumwachia mtoto. Mama wa Kibongo midomo inamtetemeka, bado anarudia, "Ni mpole, huwa hafanyi hivi, ni mpole."

Bibi akamwambia taratibu, "Mwanangu, upole wake umekwisha kwa leo. Mnataka autoe wapi mwingine?"

Mama akashusha simu. Akazima laivu.

KILICHOKUWA HATARINI

Kuna watakaosema mbona hakuuma, stori iko wapi. Stori iko hapa.

Minnesota sheria inasema mbwa akimshambulia au kumjeruhi mtu aliyekuwa zake kwa amani, bila kuchokozwa, mwenye mbwa anawajibika. "Hajawahi kuuma" haikusaidii. Na mbwa akiuma, kwa kawaida anawekwa chini ya uangalizi siku 10 kuhakikisha hana kichaa. Sekunde moja zaidi na kungekuwa na mtoto mwenye kovu usoni maisha yake yote, na mbwa ambaye mtaa mzima ungembadilisha jina.

Lakini cha karibu zaidi kilikuwa yule binti. Baba akasema, "Namrudisha Karanga nyumbani." Mtoto akang'ang'ania manyoya. "Bila Karanga sigongi." Akaanza kulia, kile kilio cha kimya ambacho wazazi wake wanakijua. Milango mitatu aliyoongea, miezi yote ya kujibu neno moja moja, yote ikawa inaondoka na yule mbwa.

Ukiwa mzazi pale unafanyaje? Ukimbakiza mbwa, unamlazimisha kiumbe aliyekwisha kuomba mara nne. Ukimwondoa, unamnyang'anya mtoto fimbo yake.

Baba alimvua Karanga zile nywele palepale barabarani. Mbwa akajikung'uta mwili mzima, kama anakung'uta maji. Bibi akasema, "Unaona. Sasa karudi." Baba na mbwa wakaondoka kwenda nyumbani, na Karanga ndiye aliyekuwa anavuta.

Kisha Bibi, ambaye hakutaka hata kukanyaga uwanja wa nyumba ya mtu siku ile, akamshika mjukuu wake mkono.

"Twende mimi na wewe."

"Bibi, wewe hujui kusema."

"Ndiyo. Kiingereza sijui, hata hodi yao siijui. Nitasimama kama nguzo. Wewe ndiye utasema, useme kwa watu wawili."

Mtoto akafuta kamasi. Akafikiri. Wakaenda.

Mlango wa nyumba ya nane ulifunguliwa na mzee wa Kizungu. Mtoto akasema maneno yake. Mzee akaweka pipi, halafu akamwangalia Bibi, akauliza huyu ni nani. Mama yuko barabarani, anasikiliza, moyo unadunda. Mtoto akajibu kwa Kiingereza sentensi nzima: huyu ni bibi yangu, ametoka Tanga, haongei Kiingereza, kwa hiyo naongea mimi. Mzee akauliza Tanga ni wapi. Mtoto akasema, "Ni pembeni ya bahari."

Wakagonga nyumba tisa. Kila nyumba alimtambulisha Bibi. Kufika ya mwisho alikuwa anamtafsiria wanachosema watu na anamrekebisha jinsi ya kusimama. Bibi akawa anasema, "Kumbe ni hodi tu hii. Watu wamebisha hodi, wamepewa, wameshukuru. Mapepo yako wapi?"

Kitu kizuri kuliko vyote usiku ule, na simu ilikuwa mfukoni.

WALICHOAMBIWA NA DAKTARI

Wiki iliyofuata walimpeleka Karanga kwa daktari wa mifugo, wakamweleza. Daktari akawaambia mbwa wao ni mzima na hajageuka mkali. Mambo aliyowaambia ni ya kuwekwa kichwani na kila mwenye mbwa, hata wa hapa Bongo, maana siku hizi Dar na Nairobi pia kuna pati za Halloween, na fataki za mwaka mpya kila mtu anazijua.

Moja, kunguruma si utovu wa adabu. Ni onyo. Ukimpiga mbwa kwa kunguruma unamfundisha asionye, na siku nyingine atauma kimya kimya.

Mbili, kabla ya kunguruma kuna maneno mengi. Kujilamba pua wakati hakuna chakula. Mwayo bila usingizi. Kugeuza uso. Mkia kushuka. Weupe wa macho pembeni. Kuganda. Karanga aliyasema yote, kwa mpangilio.

Tatu, nguo. Mjaribishe siku kadhaa kabla, dakika chache chache nyumbani. Isizibe macho, masikio wala mdomo, isimbane kutembea wala kupumua. Akisimama kama kigogo na hataki kutembea, hajapendeza, amekwama. Skafu ya shingoni inatosha.

Nne, muda. Kama unataka kutoka naye, toka mchana, kabla ya giza na kelele. Piga picha zako, rudi.

Tano, usiku ule mlango unafunguliwa kila dakika mbili. Mbwa mwenye hofu akipata upenyo anakimbia, na atakimbilia barabarani. Awe na kibati cha jina na namba ya simu shingoni, na chipu iliyosajiliwa. Bora zaidi akae chumba cha ndani na redio ikiongea.

Sita, pipi. Chokoleti ina kitu kinaitwa theobromini ambacho mwili wa mbwa unakitoa taratibu sana, na chokoleti nyeusi ni mbaya zaidi. Zabibu kavu zinaweza kuua figo zake. Bigijii zisizo na sukari nyingi zina xylitol, inayomshusha sukari mwilini ghafla na inaweza kuharibu ini. Begi la mtoto likae juu kabisa. Lile la binti lilipanda juu ya friji, baada ya Bibi kutenga pembeni zenye jelatini ya nguruwe, kwa sababu zake.

KLIPU

Usiku wenyewe, watoto na wazee wamelala, mama alikaa kitandani na simu. Laivu ilijihifadhi. Sekunde arobaini, kuanzia mwayo mpaka mngurumo. Mtu yeyote wa mitandao anajua sekunde arobaini kama zile ni nini. Mbwa maarufu wa chapati amgeukia mtoto. Ni kiki ya mwaka.

Akaiangalia mara nne. Mara ya kwanza alimwangalia yule mtoto. Ya pili mbwa. Ya tatu akamsikia Bibi nyuma ya kelele akisema "hataki", wazi kabisa. Ya nne akajisikia yeye mwenyewe akicheka.

Akaifuta.

Kesho yake aliposti picha moja tu, Karanga amelala sakafuni bila nguo yoyote, na maneno machache kuhusu mwayo na kujilamba pua. Wafuasi wakagawanyika. Wengine walishukuru, wakaanza kuhesabu miayo ya mbwa wao. Wengine, hasa waliokuwa kwenye laivu, wakataka klipu iliko. Akatokea mmoja akaandika kuwa mama mkwe ndiye aliyeharibu sherehe na ushamba wake, mtu kuogopa mbwa mpaka Marekani.

Mama alijibu komenti hiyo moja tu, nyingine zote akaacha. Aliandika: "Tulikuwa watu wanne pale na simu moja yenye kamera nzuri. Aliyeona ni yeye."

Ukweli ndio huo. Kumpenda mbwa kunakufanya uone unachotaka kuona. Unaona mpole, unaona mzuri, unaona kafanana na simba. Mbwa mpole anabeba mengi kimya kimya, na ndiyo maana mpole ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mkali kila mtu anamkwepa. Mpole ndiye anayekumbatiwa na kila anayepita mpaka siku anashindwa.

Mwaka uliofuata Karanga hakwenda popote. Saa tisa mchana alitembezwa kando ya mto, skafu ya kijani na njano shingoni, baba kashinda hapo. Jioni alifungiwa chumba cha ndani na mfupa wake, redio inaongea. Binti alitoka na rafiki wawili wa shuleni. Alikuwa na rafiki wawili wa shuleni.

Bibi alirudi Tanga kabla ya Krismasi, na mpaka anapanda ndege hakuwahi kumgusa yule mbwa hata kwa kidole. Ila akipiga simu ya video anaanza na mjukuu, anasalimiwa shikamoo, anauliza shule, anauliza baridi. Halafu kabla hajakata anasema, "Na huyo mbwa wenu, hajambo?" Wanamgeuzia kamera, anamtazama kidogo, na anawaambia kama kala au hajala. Huwa hakosei.

Haya, wewe ungekuwa ndiye mama mwenye ukurasa, ile klipu ya sekunde arobaini ungeiposti au ungeifuta? Na nyumbani kwenu nani anamjua mbwa zaidi, anayempenda au anayemuogopa? Dondosha komenti yako hapo chini.